Chupa ya Tisa

Mabungo manane ya Muheza, maganda magumu kama soli ya kiatu.
Nimeyapasua kwa mgongo wa kisu juu ya sinia,
ukali wake ukanikunja mashavu kabla sijaonja.
Nikayachemsha na sukari, vikombe viwili na kidogo
(hicho kidogo ndicho mama alichokuwa akigombana nacho),
nikachuja kwa kitambaa, nikaacha ipoe.

"Krimu soda," nikamwambia Mwanakheri, mtoto wa jirani.
Akachungulia sufuria. "Krimu yenyewe iko wapi?"
Haipo. Maziwa hayamo hata tone.
Ni vanila tu, ganda moja jeusi, jembamba,
lililoshuka kutoka Amani ndani ya gazeti la mwaka juzi.
Ukilipasua, mbegu zake ni vumbi la wanja,
na chumba chetu cha barabara ya kumi na tano
kinajidai kimezaliwa tajiri.

Mara ya kwanza nilitia hamira kijiko.
Kijiko kizima! Kama napika maandazi ya harusi.
Usiku wa pili chupa mbili za kioo zikalipuka kabatini,
mzee Kiluvia wa chumba cha uani akatoka na panga,
msuli kaushika kwa mkono mmoja,
akauliza mwizi yuko wapi.
Mwizi alikuwa anatiririka sakafuni, wa njano, mtamu,
na sisimizi wa Ngamiani nzima wameshapata habari.

Mara ya pili ikadorora. Maji ya sukari, basi.

Sasa natia chembe za kushika kwa vidole viwili,
natumia chupa za plastiki, naziminya asubuhi na jioni
kama daktari anayebonyeza tumbo.
Zikilegea, bado. Zikigoma, kwenye friji.

Baba anakaa dirishani.
Miaka ishirini na mitatu alikaa mbele ya taa
kwenye kiwanda kilichokuwa karibu na reli,
chupa zinapita, yeye anatazama:
nzi, unywele, unyasi, ufa.
Hakuwa mpishi wa soda. Hakuambiwa hata kilichomo.
Kazi yake kusema hii ndiyo, hii hapana,
na tangu kiharusi kimpitie mdomoni, mwezi wa Shaabani,
hajasema ndiyo wala hapana.
Uji tunamlisha kwa kukisia.

Leo nimezipanga kumi mezani, nimezifuta jasho.
Nilitaka aonje tu.
Nikammiminia kwenye kikombe cha bati,
povu likapanda, likashuka, likinong'ona.
Akakisukuma kikombe.
Mkono wa kushoto, ule mzima, ukaenda kwenye chupa,
akainyanyua kwenye mwanga,
akaipindua kichwa chini, mara moja, akairudisha,
akaiweka pembeni.
Ya pili, pembeni. Ya tatu.
Nimesimama na kitambaa mkononi, sipumui.
Mwanakheri naye, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, kimya.

Ya tisa akakaa nayo.
Akaisogeza jichoni mpaka njano ikampaka uso,
kisha akaiweka upande wa pili, peke yake,
na mdomo ule uliopinda ukatafuta njia:
"Ha...
pana."

Nikaitazama. Sikuona kitu.
Nikaipeleka mlangoni, juani.
Chini kabisa, uzi wa kitambaa changu cha kuchujia,
mfupi kuliko kope.

Zile nyingine tumekunywa. Zilikuwa kali;
nadhani mabungo mawili hayakuwa yameiva.
Hii sikuimwaga, wala sikuirudisha kwenye friji.
Iko juu ya kabati, kila siku inakaza zaidi.
Mzee Kiluvia nimeshamwonya.