Kivuli Kwanza

Kosa la kwanza lilikuwa kitanda.
Nilinyoosha mkono kufuata chai,
kidole kikagusa kipanya bila habari yangu,
na kitanda cha besera cha shangazi Mwanatumu
kikapanda juu ya bati, Barabara ya Kumi na Sita,
kikakaa huko siku tatu
kikiitazama Ngamiani nzima.

Hatukukiona.
Nani huangalia paa akiwa anapanga mlango?

Mimi na Shemboko, chumba cha kupanga, Chumbageni,
feni yenye kikohozi,
tulikuwa tunaujenga mtaa ndani ya kompyuta:
nyumba zilizokwisha vunjwa,
tunazirudisha moja moja
kutoka kwenye picha na midomo ya wenyewe.
Kinu pahala pake. Baraza na ufa wake.

Halafu makosa yakaja kama siafu.
Mbuzi ndani ya ukuta, kichwa uani, mkia sebuleni.
Jiko la mkaa chini ya sakafu; tulipochimbua
tukakuta arobaini na moja, moja ndani ya jingine,
kila bonyezo la Shemboko
alipodhani mashine imegoma.
Milango miwili mahali pamoja
ikimetameta, ikigombea nani aonekane.

Tukaweka swali: Una hakika?
Siku ya kwanza tulilisoma.
Siku ya pili tulilijibu.
Siku ya tatu kidole kilishasema ndiyo
swali halijamaliza kuuliza,
kama mtu anavyoitikia "salama"
na jino linamuuma.

Waliosema maji yakimwagika hayazoleki
hawakukiona kitufe cha kutendua.
Sisi tunazoa. Hatua ishirini nyuma,
maji yanarudi ndooni, ndoo kisimani.
Ya ishirini na moja
imekwenda na wenyewe.

Shangazi alikuja na machungwa ya Muheza,
akavaa miwani, akasogea.
"Nani kanianikia kitanda?"
Tukacheka. Naye akacheka kidogo, kwa heshima,
kisha akauliza
kama kitufe hicho kinafika Mabawa.

Kwa sababu Mabawa kuna ukuta.
Fundi wa ami yangu Mbaruku
alifunga kamba kwenye mwarobaini
badala ya jiwe la mpaka,
na ukuta ukaingia kwa Mzee Kihiyo shibiri moja.
Shibiri moja:
baraza la ardhi, mwaka wa saba,
harusi mbili zisizo na kadi,
msiba mmoja waliosalimiana kwa kidevu.

Usiku ule nililifuta swali.
Nikaandika kanuni nyingine.
Kitu kikishikwa kije kwanza kivuli,
chepesi, kinapitisha mwanga;
kiwe chekundu kikigusa kisicho chake;
kisitue mpaka mkono uache, urudi, uguse tena.
Na nyumba iliyokamilika ipigwe kufuli:
anayetaka kusogeza hata kijiko
aombe ufunguo.

Shemboko, ambaye hapitwi na jambo bila vina,
akabandika boksi juu ya skrini:

*Ukishika usitue, kivuli kitangulie,
Pembe zote uzijue, mpaka uangalie,
Cha mwenzio utambue, jirani asiumie,
Na kikombe ukitue, ndipo kazi uingie.*

Makosa yalipungua. Sisemi yaliisha.
Juzi nimekuta kuku ndani ya kabati,
na sijui ni wa nani.

Wiki hii tumefika Mabawa.
Nikaushika ukuta wa ami,
nikaupeleka pale pale ulipo kweli.
Ukawa mwekundu.
Nikaurudisha shibiri moja. Ukatulia, mweupe.
Nikaupeleka tena. Mwekundu.
Kazi yetu ni kuurudisha mtaa kama ulivyo,
na kanuni yangu mwenyewe inaukataa.

Shemboko ameacha kuandika.
Shangazi anamenya chungwa, ganda halikatiki.
Chai nimeitua mbali.
Ukuta bado kivuli,
na mkono wangu haujarudi kugusa.