Mkunga wa Mipapai

Mbegu zilitoka Wete ndani ya bahasha ya vidonge.
Mwajine aliziosha, akazianika juu ya gazeti,
akaandika kwa wanja: *tamu hizi, usigawe.*
Nimezigawa. Sita nimebaki nazo.

Hapa Al-Khudh mwezi wa tano huotesha kitu gani nje?
Ukuta wa uani unachoma kama tanuri,
bomba la maji baridi linatoa ya moto.
Basi miche yangu inakaa ndani, chumba cha nyuma,
kati ya mashine ya kufulia na dirisha kubwa,
ndoo sita za rangi nilizozitoboa kwa msumari uliopashwa moto,
na kiyoyozi kinanguruma ishirini na sita, usiku na mchana.
Bili ya umeme anailipa Khalfan. Hasemi kitu.
Anaisoma mara mbili, kisha anaikunja.

Mwezi wa tano huu tangu kuipanda.
Kila alfajiri, nikishasali,
navaa miwani, nawasha tochi ya simu,
nainama kwenye makwapa ya majani.
Nawaita kama wagonjwa wodini, kwa namba ya kitanda.

Wa kwanza alijitangaza mapema: dume.
Uzi mrefu ukaning'inia, kisha nyuzi,
maua madogo kama mchele uliomwagika,
hayana tumbo, yana harufu tu, harufu nzuri ya bure.
Wa pili, dume. Wa nne, dume.
Khalfan akaleta nyundo:
"Tumpige msumari shinani. Marehemu mama akifanya hivyo,
dume likaogopa, likazaa."
Nikamwambia, wewe umeogopa mara ngapi, na umezaa nini?
Akacheka mpaka akakaa chini.

Wa tatu jike, hana maneno mengi:
ua moja, limebana shina,
limenona chini kama dele la kahawa.
Wa tano alikufa. Nilimzidishia maji, nakiri.

Wa sita nilimwangalia siku kumi na moja.
Ua lake si mchele, si dele. Refu, jembamba.
Nikalipasua kwa wembe juu ya kisahani:
katikati tumbo dogo, na kulizunguka
vumbi la manjano. Vyote viwili, nyumba moja.
"Huntha," alisema Khalfan mlangoni.
Neno hilo hapa halina haja ya mkalimani,
Kiarabu na Kiswahili wanagawana,
na kote kuwili watu huliteremshia sauti.

Hata mie nimewahi kuliteremshia.
Miaka thelathini na moja nimepokea watoto,
na usiku mmoja wa baridi, Nizwa,
mama mmoja wa Bahla aliuliza mara tatu:
wa kiume au wa kike?
Daktari alisimama na kalamu juu ya karatasi
na kalamu haikushuka.
Nikakiacha kitambaa cha buluu, nikakiacha cha waridi,
nikachukua taulo jeupe la kufutia mikono,
nikamviringisha, nikamweka kifuani pa mamake.
"Mzima," nikasema. "Anapumua vizuri."
Sikujibu nilichoulizwa.
Asubuhi zamu yangu ikaisha, nikapanda basi.
Jina alilopewa silijui mpaka leo.

Fahad, mjukuu, kaja na soksi moja mguuni:
"Bibi, huyu walad au bint?"
Huyu mpapai, nikamwambia. Shika sahani, usimwage.

Wanasema joto likizidi
wa namna hii husahau tumbo lake,
maua yake hukauka ndani, akabaki na vumbi tu
mpaka hewa ipoe.
Madume wawili nimewakata, kwa kisu cha mkate,
na mmoja nimemwachia yule jike, mume asiye na mahari.
Wa sita sikumgusa. Hahitaji mtu.
Nimemsogeza tu kidogo, mbali na kioo,
kisha nikachukua rimoti
nikashusha mpaka ishirini na tatu.

Mwezi huu Khalfan ataisoma bili mara nne.