Daftari la Yerko

Mimi ndiye mshika daftari. Mchana nauza dawa za kikohozi
kwenye duka la kona, Punta Arenas,
mji ambao hufunga kamba barabarani
watu wapate pa kushika upepo ukija.
Usiku nahesabu senti za kaka yangu.

Januari. Mapato: diski nne, zote kwa shangazi mmoja.
Matumizi: nauli ya feri kwenda Porvenir,
ya mtu na ya kodiani
(ilikaa kitini, wakaitoza).
Wasikilizaji kumi na mmoja.
Wawili waliondoka kabla ya wimbo wa mwisho,
feri haingoji mtu.
Aliporudi nikamuuliza, Vipi?
Akasema, Tisa walibaki.
Nikaandika tisa, kisha nikakwama:
daftari halina safu ya waliobaki.

Februari, hakuna.
Nimeuacha ukurasa mweupe
kama watu wanavyonyamaza msibani.

Saa nane za usiku yuko kwa bwana Ojeda anakanda unga.
Kunapokucha anarudi na nyusi nyeupe,
anaingia kabatini, chini ya ngazi,
alikopigilia manyoya ya kondoo kuta zote,
maana upepo wa huku huimba bila kualikwa,
na huko anarekodi.
Mtaka cha mvunguni huinama, sawa;
huyu ameinama mwaka wa saba,
mgongo umeshashika umbo la kabati.

Nikamwambia, Haba na haba hujaza kibaba.
Akacheka: Changu kimetoboka, Danka,
lakini sikia kinavyolia.

Aprili ulimi mmoja wa kodiani ulikatika,
ule wa re, mkono wa kulia.
Fundi yuko Santiago. Bei yake, nimepiga hesabu,
ni mikate elfu mbili.
Nakiri hapa kwa kuwa daftari hili halisomi:
nilifurahi.
Nilisema moyoni, sasa atalala usiku kama watu.

Na usimdhanie shujaa.
Mei alilala siku nne na viatu vyake.
Alimtukana kijana wa redio, kisha akaenda kumwomba radhi,
kisha akamtukana tena.
Alimnunia binamu yetu Zlatko
kwa sababu mbwa wa Zlatko, akipiga chafya kwenye video,
ametazamwa na watu wengi kuliko wakazi wa mji huu wote.

Siku ya tano nikasikia kabatini wimbo
usioigusa re.
Unaikaribia, unapinda, unarudi upande wa pili,
kama ulimi wa mtu
unavyozunguka pengo la jino lililong'olewa jana.
Nilisimama ngazini na ndoo ya makaa
hadi mkono ukafa ganzi.

Julai kipuri kikafika, kimefungwa kwenye soksi.
Akakitia, akaujaribu ule wimbo
na re yake, mara moja tu.
Akakunja uso. Akalirudisha pengo.
Mikate elfu mbili, nikasema.
Nyimbo nyingine zinaihitaji, akasema, huu hauitaki.

Matumizi: kipuri, soksi ya fundi (ameidai).
Mapato: diski moja, kwa mtu wa Puerto Natales
ambaye hakuandika jina wala salamu,
ila wiki ya pili aliagiza nyingine.

Hivi sasa ni saa saba na nusu usiku.
Theluji inagonga bati. Kabla ya kwenda kwa Ojeda
yumo kabatini, hagusi kitufe hata kimoja;
anavuta mvukuto na kuusukuma,
anatafuta panapovuja hewa.
Nyumba nzima inapumua naye.

Nimeshika kalamu. Sijui hili ni pato au tumizi.
Nimeliandika katikati,
juu ya mstari.