Chokaa Isiyopitia Tanuu

Mize, mtoto wa dada yangu, karudi Wete
na chupa ya maji ya ukungu, kaiviringa kanga
kama abebaye maziwa ya mgonjwa.
"Mjomba, humu mna mafundi."
Nikachungulia. Sikuona fundi.

Mimi nimelelewa na tanuu:
magogo ya mnazi chini, matumbawe juu,
moto siku mbili, moshi hata kwenye uji,
kisha chokaa shimoni, ilale, ilainike.
Baba alikohoa hadi mwaka aliokufa.
Kuta alizozipaka zingali nyeupe.

Hawa wa Mize hawawashi kitu.
Humiminwa kwenye kalibu ya mchanga,
wakapewa chumvi ya chokaa
na mkojo.
Ndiyo, mkojo. Wa wavulana wa skuli,
ndoo kwa ndoo, Mwalimu Asaa kaziba pua.

Mtaa ukacheka, kisha ukabishana.
Tofali hili ni tohara?
Kanzu ikiliegemea, swala inasihi?
Mmoja akataja mvinyo uliogeuka siki,
mwenziwe akamjibu: siki si ukuta.
Hawajamaliza hadi leo.

Tofali la kwanza lilimeguka kiganjani
kama kashata iliyokosa sukari.
La pili lilinuka, paka akalikimbia.
La tatu nililigonga kwa kucha:
ti.
Sauti hiyo naijua. Ni ya jiwe.

"Na wao wako wapi?" nikamuuliza.
"Ndani. Kila mmoja kajijengea,
akaishikiza punje kwa punje,
mpaka akakosa pa kutokea."
Sikujibu. Nilikumbuka kikohozi.

Usiku ule usingizi ulinipaa.
Hata tumbawe lilijengwa na vidudu,
kidogo kidogo, chini ya maji, bila nyundo.
Kumbe miaka yote tulichoma nyumba za wadogo
ili tusimamishe zetu,
tukajiita mafundi.

Sikusubiri ubishi uishe.
Ukuta wa choo changu ulikuwa na pengo,
nikalitia tofali la Mize pale,
mahali ambapo hakuna
wa kuulizia tohara.

Sasa ni masika yake ya kwanza.
Paa la jirani limeshavuja, njia ni tope.
Alfajiri naenda na kopo langu la maji,
nanyosha mkono gizani,
nagonga kwa kucha.

Ti.