Saa Kumi na Mbili

Hakuna kidonda.
Waliliandika hilo watu watatu, kwa miandiko mitatu,
kwenye daftari langu la kliniki:
mkojo safi, damu safi, hakuna kidonda.
Nikapanda na usafi wangu hadi Newala juu,
nimekaa upande kwenye bodaboda,
maana tandiko linaniunguza.

Nitalitaja.
Ni pale mlangoni mwa uke,
kijisehemu kisichozidi ukucha wa kidole gumba.
Maji ya sabuni, moto. Mshono wa nguo, moto.
Mume niliyemtaka mwenyewe, nikamkatalia mjomba kwa ajili yake,
moto.

Somo yangu alinifunda mengi:
kupokea, kuficha, kunyamaza,
rangi za shanga na kila rangi inavyosema.
Maumivu aliyataja mara moja,
ya usiku wa kwanza. Yanapita, alisema, kama kwikwi.
Miaka minne sasa.
Kwikwi gani hii?

Mfaume anarudi na salfa ya mikorosho kwenye shati.
Ananiita.
Naosha sufuria iliyokwisha kuoshwa.
Namlaza mtoto katikati ya kitanda kama ukuta wa udongo.
Shanga nyekundu nimezitundika mara mbili kwa mwezi mmoja,
mpaka uzi ukachakaa kwa uongo.

Mama mkwe akasema jini mahaba.
Kuku mweusi akachinjwa.
Kuku alikuwa mtamu; jini hakuja hata kunusa.
Mfaume hakusema neno. Alihesabu.
Siku ya mnada wa korosho nilichelewa kurudi,
akahesabu na hilo.

Halafu nesi Tekla, na kijiti chenye pamba nchani.
"Fikiria uso wa saa," akasema. "Nitazunguka nao. Nijibu."
Saa sita, juu kabisa: hapana.
Saa tisa: hapana.
Saa kumi na moja: nikashika chuma cha kitanda.
Saa kumi na mbili
nilimwita marehemu mama yangu,
kwa pamba,
pamba ambayo kifaranga angeibeba.

Naye hakuona kidonda.
Akasema, "Nimeona."

Akavua glavu, akaketi, akanieleza:
mishipa ya fahamu ni walinzi,
kazi yao kupiga yowe nyumba ikiungua;
wangu wanapiga yowe hata kwa kibatari.
Si uchafu. Si uongo. Si kukosa mapenzi.
Kuna dawa, kuna mazoezi ya kulegeza nyonga,
kuna kusubiri. Lini? Hakuniongopea: "Sijui."

Njiani nikaifikiria saa ile.
Kumi na mbili: jua linapozama, adhana inapoanza,
watu wanapowasha taa wakifurahi kwamba siku imekwisha,
nami tumbo linakaza.
Mwili wangu ulijua saa kabla yangu.

Usiku nikamwonyesha Mfaume mikono.
Unakumbuka, nikamwambia, msimu wangu wa kwanza wa kubangua,
mafuta ya maganda yalivyonichuna vidole?
Ukanipa chai, nikaangusha kikombe.
Ulikikasirikia kikombe?
Ulidhani nina kikombe kingine kwa jirani?

Alikaa.
Akatoka nje, akajaza upepo baiskeli ambayo haikuwa na pancha.
Nikasikia pampu, muda mrefu.
Aliporudi alisema tu,
"Miaka yote minne?"
Nikasema, yote.
Akafunika uso kwa kofia yake.

Hatujapona. Sisemi tumepona.
Juzi nililia tena, naye alijitenga kwa hasira,
hasira ambayo haikuwa na wa kuiangukia.
Ila sabuni ya manukato ameitupa mwenyewe,
na mtoto analala kwenye mkeka wake,
na usiku mwingine Mfaume ananiuliza kwa kidole,
kwenye kiwiko, kwenye kisogo,
"Hapa?"
nami najibu kama nilivyomjibu Tekla,
bila kuogopa jibu.

Saa yetu ya ukutani imeisha betri.
Duka liko hatua ishirini.
Hakuna aliyekwenda.