Kupanda

Kazi yangu ni lifti. Mwaka wa kumi na tisa huu
napanda na kushuka ndani ya vifua vya majengo ya Ruse,
waya uliochoka naujua kwa kuusikiliza tu.
Kwa hiyo daktari alipochora mirija yako mgongoni mwa bahasha,
huu umeziba, na huu nao, karibu na mwisho,
nilielewa upesi kuliko nilivyotaka:
kibanda kipo, umeme upo,
njia ndiyo haipitiki.

Aliandika chini ya mchoro, bila kutuangalia.
Upasuaji mdogo, huenda mirija ikazibuka.
Ama yai na mbegu vikutane nje, kwenye kioo,
kisha kiinitete kipandikizwe.
Ama yai la mwanamke mwingine, asiyetajwa jina.
Ama kuacha. Kuacha nako ni njia, alisema,
akalipigia neno hilo mstari,
mmoja, mwepesi,
akauliza kama mimi nimeshapimwa.

Chumba kile kilikuwa na kiti chenye ngozi ya plastiki
na picha ya shamba la alizeti.
Majibu: zinaogelea, lakini chache,
na nyingi kati ya hizo chache zinazunguka palepale
kama mimi nikitafuta pa kuegesha gari siku ya soko.

Mama yangu, Penka, miaka miwili alikuletea wewe
maji ya kisima cha watawa katika chupa ya soda.
Wewe, siyo mimi.
Nilipomwambia, alikaa na chupa mapajani
mpaka chai ikapoa,
halafu akamimina vikombe viwili.

Saa tatu usiku, sindano.
Unaitoa kwenye friji, nyuma ya pilipili za siki,
unabana ngozi ya tumbo, Zornitsa, unatazama dirishani.
Mikono hii hushika nyaya zibebazo tani mbili.
Usiku wa kwanza ulinisubiri
kama mtu anavyomsubiri mtoto afunge kamba za viatu.
Mtoto. Tazama ulimi unavyoteleza.

Yalitoka mayai kumi na moja.
Saba yalikuwa yamekomaa.
Matano yakarutubika.
Kila asubuhi simu kutoka Pleven, kila asubuhi pungufu,
hadi siku ya tano: viwili.
Kimoja wakakupandikiza, kimoja wakakigandisha.

Kupanda: neno moja, kazi mbili,
na fundi huyu anaijua moja tu.

Siku ya kumi na nne nilikuwa juu ya kibanda,
ghorofa ya nane, tochi mdomoni.
Haikutunga, ulisema.
Nilitoa tochi ili nijibu, nikakosa jibu.
Nikashuka kwa mwendo wa ukaguzi, ule wa polepole,
kuta zikinipita matofali kwa matofali,
na nyuma ya mlango mmoja
mtu alikuwa anakaanga vitunguu.

Usiku ule ulikula cheri kwa vidole, moja kwa moja kwenye chupa.
Ukasema: usiniambie Mungu ana mpango.
Niambie bei.
Nikakuambia. Tukauza gari la baba yako,
lile lenye harufu ya tumbaku,
nawe uliliosha mwenyewe kabla mnunuzi hajaja.

Bili ya nitrojeni huja pamoja na ya maji.
Unazibandika zote kwenye friji, juu ya ile bahasha,
lakini pembe yake hujitokeza,
na juzi nilikukuta umesimama mbele yake na penseli.
Sikuuliza. Hukuandika.

Leo basi la saa kumi na moja alfajiri,
theluji njia nzima, thermosi ya kahawa baina ya magoti yetu.
Kwenye kliniki, karatasi mlangoni: lifti mbovu.
Niliegemeza sikio. Kitasa cha breki, nikasema,
dakika ishirini tu, wakiniazima bisibisi.
Ukanishika mkono wa koti.
Achana nayo, Ognyan. Tupande kwa miguu.

Ghorofa ya pili ulisimama kupumua.
Nikakushikia skafu.