Mbegu Kumi na Tisa

Raya kaniachia mbegu ndani ya ukurasa wa daftari,
umekunjwa mara nne, na juu yake kwa wino wa buluu:
"Usizimwagie maji kama unayezima moto."
Kisha kapanda ndege kwenda Sohar
kumuuguza Zuwena uzazi wake wa kwanza.
Arubaini tu, alisema. Arubaini na siku za safari.

Nilizihesabu mezani, miwani puani.
Kumi na tisa, bapa, rangi ya kucha za mtoto.
Nikazilaza usiku kucha kwenye kikombe cha maji.
Asubuhi nne zinaelea.
Yeye angezitupa.
Mimi nimefundisha darasa la tatu miaka thelathini na moja,
sijui kumtupa anayeelea.

Vifuu nilikuwa navyo
(mwanamume anayejipikia haishiwi vifuu),
nikavitoboa kwa msumari, nikatia udongo wa Kianga
na samadi ya mbuzi niliyoipandisha ghorofa tano
ndani ya mkoba wangu wa shule.
Michenzani nzima ilinisalimia kwa adabu, pua imezibwa.
Kifuu cha wanaoelea nikakitia alama ya chaki.

Siku ya tatu, kimya.
Ya sita nikachokoa kwa kijiti nione.
Ya nane nikazimwagia maji
kama ninayezima moto.
Sita zikaoza. Nikazifukia tena vilevile,
maana hata peke yako unaweza kuona haya.

"Zimeota?"
"Zinafikiri."
Akacheka mpaka kichanga kikaamka,
na ndivyo nilivyosikia kwanza sauti ya mjukuu wangu:
kwa hasira, kwa ajili ya pilipili.

Siku ya kumi na tatu, mwanga haujatimia,
shingo moja ya kijani, imejikunja,
kichwa bado ndani ya udongo
kama mtu aliyesahau kuinuka kwenye sijda.
Nilisimama pale na birika mkononi.
Sikumimina kitu.

Zikatoka saba. Moja, naapa, chini ya chaki.

Arubaini ikapita. Mtoto ana mchango,
Zuwena anarudi kazini, "mwezi mmoja tu, Haroub."
Nikaihamishia miche kwenye ndoo za rangi, roshani ikajaa.
Bi Mize wa ghorofa ya nne akatoa kichwa:
maji yangu yanadondokea shuka zake.
"Pilipili usiyoila yakuwashiani?" nikamjibu toka juu.
"Haijaniwasha, mwalimu! Inanirowesha!"

Kisha maua, madogo, meupe, yanatazama chini,
yakaanguka yote.
Nyuki wa mjini hawapandi ngazi.
"Tikisa shina kwa kidole," Raya akasema,
"polepole, kama unamwamsha mtu
na hutaki aamke."
Basi nikawa nyuki, miaka sitini na sita, kikoi kiunoni,
kila saa mbili asubuhi, ndoo baada ya ndoo,
watoto wa jengo la pili wakinihesabia maua.

Pilipili mbuzi ya kwanza ilikaa kijani wiki tatu.
Halafu bega moja likaona haya.
Nilikusudia kumwekea mwenyewe.
Lakini Bi Mize akagonga mlango na bakuli la mchuzi wa pweza,
na hakutaja shuka,
nami sikutaja methali.
Kisu kilipogusa tu, jiko zima likanukia Raya
akiwa amekasirika kidogo.

Nusu kwake, nusu kwangu na wali wa jana.
Mbegu nikazitoa kwa vidole vitupu,
nikazianika juu ya gazeti,
nikazirudisha ndani ya ukurasa uleule.
Chini ya wino wake nikaandika kwa penseli:
"Hata zinazoelea."

Alfajiri, mikono niliyokwisha kuosha mara tatu,
nilipotawadha, uso wote ukashika moto,
macho, midomo, nyuma ya masikio.
Sohar huko kulikuwa kumeshakucha.
Nikasali hivyohivyo, nawaka.